Akidi

Mama Pacha alipiga magoti akamvalisha katibu viatu. Cha kulia kilikataa, maana mguu ulikuwa umevimba tangu atoke hospitali. Akalegeza kamba zote, akakisukuma taratibu kama anayemvalisha mtoto wa chekechea.

Mke wa katibu alisimama mlangoni, mikono kiunoni. Daktari alikuwa amekataza mgonjwa asitoke kitandani. Halafu nje kulikuwa na gari la posta, dereva ndani, injini inanguruma. Tangu lini gari la posta likabeba watu wa chama cha wafanyakazi?

"Watu wasiokuja mkutanoni hata kwa kuburutwa," alisema, "leo wanakutumia gari?"

"Watu hubadilika, mama watoto."

Mama Pacha alikuwa bado anahangaika na kamba.

Kwa miaka mingi katibu ndiye aliyekuwa chama, peke yake. Akiita mkutano, wapanga barua walikuwa na msiba, matarishi walikuwa na mafua, na wa kaunta walipata wageni wa ghafla. Walikatwa ada kwenye mshahara wakaona yamekwisha. Yeye alipanga viti, akavitazama, akavirudisha stoo. Walimpachika jina la Mheshimiwa Viti Vitupu. Alicheka nao, lakini lilimuuma, na halikuacha kumuuma.

Kisha Mama Pacha akafukuzwa. Alikuwa tarishi, mjane mwenye watoto wawili waliozaliwa siku moja. Baiskeli zilipoharibika, meneja alimwamuru aongeze mfuko wa mtaa mwingine juu ya wake, atembee kwa miguu. Alikataa. Alivuliwa sare palepale mbele ya wateja.

Katibu aliapa kufa na kupona naye. Lakini ili chama kimpeleke meneja kwenye baraza la kazi, lazima tawi liamue, na tawi haliamui jambo lolote, kubwa wala dogo, bila akidi: theluthi mbili ya wanachama, wawepo wenyewe ukumbini. Hakuna kutuma mtu, hakuna kupiga simu. Kifungu hicho alikitunga katibu mwenyewe, ili wavivu waone haya. Hawakuona. Mikutano ilivunjika mmoja baada ya mwingine, naye akaanza kuwafuata majumbani, kwenye mvua, akibembeleza kama anayeposa. Huko ndiko alikoupata ugonjwa. Na sasa muda wa rufaa ulikuwa unakwisha kesho.

Garini aligundua kwamba Mama Pacha amevaa sare.

"Nimerudishiwa leo asubuhi," alisema mwanamke, akiivuta mikono ya koti.

"Umeona? Wameshaanza kuogopa."

Dereva aliongeza kwamba ukumbi wa kupangia barua umefurika. Meneja mwenyewe ndiye aliyeufungua, akasimamisha kazi ili kila mtu ahudhurie. Katibu alicheka mpaka akakohoa. Mtu mkali namna ile, leo amenywea! Umoja ni nguvu, alisema, na kwa mara ya kwanza maneno hayo hayakumtoka kama wimbo wa shule.

Akauliza habari za pacha.

"Wako kwa bibi yao. Nilishindwa kuwalisha, Mzee."

"Utawachukua. Vumilia kidogo tu."

Mama Pacha aligeukia dirishani. Mabega yalimtikisika. Katibu akampigapiga mgongoni, akimwambia asilie, kwamba mtu halilii haki yake wakati iko njiani inakuja. Alimwonea huruma kama bintiye, na moyoni akajisifu kidogo pia. Nani asingejisifu?

Ukumbini walikuwa wameketi juu ya magunia ya barua, kwenye meza, hadi juu ya mizani ya vifurushi. Alipoingia, akiegemea bega la Mama Pacha, wote walisimama wakapiga makofi. Walikuwapo wa mafua. Walikuwapo wa misiba. Mtu alimletea kiti, mwingine akamletea maji. Katibu alilia waziwazi, hakujali. Miaka yote ile ya viti vitupu ililipwa katika dakika hiyo, na alihisi kwamba hata akifia pale, amefia mahali pake.

Meneja alisimama nyuma kabisa, mikono kifuani. Katibu alimpa ishara ya kichwa, ya kiungwana, kama mshindi anavyomsalimu aliyeshindwa. Meneja aliirudisha.

Mwenyekiti wa tawi, ambaye miaka yote alikuwa wa jina tu, alihesabu watu kwa kidole, akarudia, kisha akainama sikioni kwa katibu.

"Tulikuwa tumepungukiwa na mtu mmoja tu, Mzee. Ndiyo maana tukakusumbua."

"Hamjanisumbua. Endelea."

Mwenyekiti alijiweka sawa. Alitangaza kwamba akidi imetimia, na uamuzi wa leo hautaweza kupingwa na mtu yeyote. Makofi tena. Katibu alipiga kwa mkono mmoja. Wa pili ulikuwa umeshikwa na Mama Pacha, kwa nguvu, tangu walipoketi.

"Hoja ni moja," alisema mwenyekiti, akitazama sakafu. "Kwamba tawi letu livunjwe kuanzia leo."

Katibu alitabasamu, akatafuta aliyeanzisha mzaha. Aliwatazama matarishi, akawatazama wapanga barua, akawatazama wa kaunta. Kila aliyemtazama aliangalia pembeni.

"Mtoa hoja asimame."

Mama Pacha akauachia mkono wake, akasimama.