Viatu vya Bi Mwanakheri

Wasafiri waliokuwa wakienda kuzuru kaburi la walii walipumzika katika mji mmoja. Kila walipopumzika, mwenzao Mbaruku aliwatungia mashairi. Alimtazama mtu alivyovaa na anavyokula, kisha akamweka kwenye beti mzima mzima, watu wakacheka.

Siku hiyo ilikuwa zamu ya Bi Mwanakheri, mama mtu mzima aliyevaa viatu vikubwa vya kiume. Mbaruku akaimba kwamba viatu vile vimeibwa mlangoni kwa watu, ndiyo maana mama huyu hainui macho, na akilala huvikumbatia, mwenyewe asije akavidai.

"Umempata!" watu wakapiga kelele. "Shikamoo, mama viatu!"

Bi Mwanakheri hakucheka wala hakukasirika.

"Umetazama vizuri, baba," alisema. "Si vyangu kweli. Ni vya mwanangu Shomari. Aliweka nadhiri ya kufika huko kwa miguu, akafa kabla ya safari. Nikasema basi, hata viatu vyake vifike."

Mbaruku akamsogelea. "Mama, nisamehe. Beti hizo nazifuta."

"Utazifutaje, baba? Hebu wasikilize wale."

Kweli, waliotangulia walikuwa wameshashika njia, wakiuimba wimbo ule kwa kupokezana, na wenyeji walitoka milangoni kumtafuta mwizi wa viatu. Bi Mwanakheri akainama, akavivua, akavifuta vumbi kwa upindo wa kanga yake. Mbaruku akapiga magoti, akavipokea kwa mikono miwili, asijue amvishe tena au ambebee.