Jogoo wa Mlango wa Kanisa

Kwa masikitiko makubwa, chuma kilikuwa bado chekundu Babu Simeoni alipogeuka kukitazama.

Alikuwa ameniachia ncha ya bawaba ya mlango wa kanisa niikunje iwe jani, kama walivyokunja wahunzi wote wa ukoo wetu. Kama ningeiharibu, ningechunga mbuzi mpaka shule ifunguliwe. Nami, kwa akili timamu, nilikuwa nimeikunja ikawa kichwa cha jogoo.

“Hii ni nini?”

“Jani, Babu.”

“Msomi, jani lina mdomo?”

Nikalikagua jani langu kwa heshima zote.

Akaishika bawaba kwa koleo, akailaza juu ya fuawe na kuinua nyundo. Pigo moja tu lingeinyoosha. Wekundu ulififia mdomoni, kisha shingoni, ukabaki utosini tu, mdogo kama punje ya mtama. Tayari niliwasikia mbuzi wakiniita kwa jina.

Babu akaishusha nyundo, akairudisha bawaba motoni.

“Vukuta.”

Nikavukuta moto kama mtu aliyeokoka. Chuma kilipoiva tena, akanipa msumari mnene.

“Sasa huyu atawaonaje wanaochelewa ibada? Mtoboe jicho.”