Kidonge cha Mkono wa Shekalaghe

Sheria ilikuwa wazi: ukimwambukiza mwenzako virusi vya Ukimwi vilivyokwisha kuzoea dawa, wewe ndiye utakayemlisha dawa mpya kila asubuhi, kwa mkono wako. Ndiyo maana Shekalaghe, aliyemwacha Mwanakheri zamani, alirudi kugonga mlango wake pale Muheza.

Alinawa, lakini vidole vilinuka tumbaku vilevile. Mwanakheri alifumba macho, akafungua mdomo. Kidonge kiliwekwa juu ya ulimi, kidole kikagusa mdomo wa chini, kikakawia hapo. Kamera ya serikali ukutani ikalia kuthibitisha. Akameza haraka; angetapika, angelishwa tena.

Mumewe wa sasa, Hizza, alikuwa jikoni, amekodolea macho birika.

"Bwana Hizza, chai ipo?" Shekalaghe aliuliza, akivuta kiti.

Hizza akammiminia. Angefanyaje? Bila mtu huyu, mkewe hapati dawa.

Shekalaghe alitafuna mhogo wao, kisha akajifuta mdomo kwa kanga ya Mwanakheri iliyoanikwa dirishani.

"Na wewe," Mwanakheri alimuuliza kwa mara ya kwanza, "dawa zako unameza?"

Akacheka mpaka makombo yakamtoka mdomoni. "Mimi? Mimi nani ananilisha?"

Akainuka, akaaga. Mchumba wake, alisema, anamngoja sokoni.

Mwanakheri alimtazama Hizza. Hizza akatikisa kichwa, kama anayesema yasiyokuhusu yaache. Lakini Mwanakheri alikwisha kuvaa viatu, akatoka, akamfuata Shekalaghe kwa mbali, kwenda kumwonya huyo mchumba.