Mistari Isiyolingana

Kaka yake aliingia maabara bila hodi wala salamu.

“Haya, masizi yako yanasemaje?”

Damu ilimchemka mkemia. Majuzi tu, mbele ya ukumbi mzima, kaka huyuhuyu mwanafalaki aliiita kazi yake upishi wa masizi. Leo kaka alimhitaji. Darubini yake ilikuwa imenasa mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, kutoka kwenye wingu lililo kati ya nyota, naye ameshatangaza kuwa unatoka kwenye molekuli kubwa ya kaboni. Aliyewahi kuipima molekuli hiyo ni dada yake huyu mkemia, peke yake.

Kwenye kompyuta, mstari wa mwanga wa wingu ulikuwa mweusi, wa molekuli iliyopimwa maabara mwekundu. Kila kilima kilikaa sawasawa juu ya mwenzake, hata kile kidogo cha pembeni, kilichopinda kama jino bovu.

Mkemia akaivuta kompyuta, akaigeuzia upande wake.

“Hailingani, kaka. Umetangaza hewa.”

Alingoja uso ule usawajike. Haukusawajika. Kaka yake alikuwa amekazia macho kabati la vioo nyuma ya dada yake, ambamo taswira ya kompyuta ilionekana yote, na midomo yake ilikuwa ikivihesabu vilima taratibu, kimoja kimoja.