Kamba ya Filimbi

Timu ya chuo ilikuwa imefungwa mechi tisa mfululizo, na kocha wake alishafukuzwa. Sengondo, msaidizi wa kocha kwa miaka kumi na mmoja, alikaa peke yake nje ya ofisi ya mkuu wa chuo, akiitia filimbi ya timu kamba mpya. Ndiyo desturi yao: kocha mpya, kamba mpya.

Mlango ukafunguliwa. Mkuu akatoka na mgeni, pande la mtu.

"Mwalimu Sengondo, mvishe kocha wetu."

Akamvisha. Kamba ikakwama masikioni. Alikuwa ameipima kwa kichwa chake mwenyewe.

"Si neno, mwalimu. Fungua fundo tu," mgeni alisema kwa upole, kichwa kakiinamisha.

Sengondo akahangaika nalo kwa kucha. Alikuwa amelikaza kwa meno.