Kiti cha Hidaya

Siku hizi ukifeli hesabu unapelekwa bwenini, na roboti anakaa kwenu badala yako mpaka ufaulu. Hidaya wa kidato cha pili alikwamishwa na mabano tu.

"We Hidaya! Si x ni sawa na y jumlisha moja?" mwalimu Haule akafoka. "Basi kwenye 2x jumlisha y ni sawa na 11, hiyo 2x ni mbili mara yote hiyo. Usiingize nusunusu!"

Hidaya akaweka mabano. Y ikatoka tatu, safi kabisa!

Akafaulu, akarudi kwao mbio na vigelegele juu.

"Nipishe, bandia we!"

Roboti akainuka kitini.

"Karibu, mshindi wangu!" Mama akamkumbatia, akampakulia wali. Kisha akamgeukia roboti, sauti imeshuka. "Na wewe mwanangu, utalala wapi leo?"