Siku ya Ishirini na Tisa

"Hicho kisanduku cha nini?" Anísio aliuliza hata kabla ya salamu.

Dokta Jucélia, mtafiti wa ndege, aliyekuwa akishusha kamba garini, alicheka. "Na wewe, Mzee Anísio! Salamu kwanza. Ni cha vipimo."

Vipimo! Anísio aliguna. Kwa miaka minne, kila msimu wa mayai, alikuwa akiwaacha ng'ombe wa tajiri wake ili alinde tundu la mti huu wa manduvi, wanamotaga arara, wale kasuku wakubwa wa buluu. Na miaka yote minne Dokta alikuja Jumamosi. Leo ilikuwa Jumatano. Katumwa na nani, siku isiyo yake, na kisanduku kilichotandikwa sponji kama kitanda cha mtoto? Mtu mwenye akili zake lazima ajiulize.

"Joto lote hili na koti, mzee?"

"Homa."

"Basi kaa, unywe tereré kidogo."

"Kitu cha baridi tumboni? Wee! Kunywa mwenyewe."

Huko Pantanali, kuikataa pembe ya tereré, ile chai baridi ya majani, ni sawa na kuukataa mkono wa mtu, naye alilijua hilo. Lakini alibaki amesimama wima, mikono ameikunja kifuani. Juu yao arara wawili walizunguka wakipiga kelele.

"Mbona wanalia hivi?" Jucélia aliuliza.

"Wamekuona wewe na kamba zako."

"Leo ni siku ya ishirini na tisa tangu waanze kuatamia, mzee. Kifaranga huanza kulia kabla hajalivunja ganda. Nimekuja kumsikiliza."

"Kumsikiliza tu?"

"Ala! Unanishuku mimi?"

"Namshuku kila mtu. Mayai mawili yale yakipigwa na baridi kidogo tu, yamekwisha." Na alisema kweli tupu. Wiki nzima hakupata usingizi kwa ajili ya mayai yale.

"Wanunuzi wa mayai kutoka ng'ambo ya mpaka wameonekana barabarani," Jucélia alisema akifunga mkanda kiunoni. "Hujawaona?"

"Sijamwona mtu," alijibu, macho kwenye kisanduku.

Mwanamke akapanda. Anísio alimtazama bila kupepesa. Mkono wa Jucélia uliingia tunduni hadi begani. Ukatoka mtupu.

"Hamna kitu! Mzee, tundu tupu!"

"Tukani," Anísio alisema upesi. "Ndege mwizi yule, jana alikuwa hapo hapo."

"Pangekuwa na maganda. Tukani mdomo mrefu, koo dogo. Yai la arara hawezi kulimeza zima, hulivunja kwanza kwa ule mdomo wenye meno kama msumeno. Hapa hamna ganda wala ute."

Kisha akamtazama kutoka juu. Akamtazama kwa muda mrefu. Sasa yeye ndiye aliyekuwa akishuku, na Anísio akazidi kuikaza mikono kifuani. Atamwambia nini? Nani angemwamini mchunga ng'ombe mbele ya dokta?

Mungu si Athumani. Papo hapo tukani akatua kwenye tawi, mweusi, kifua cheupe, mdomo wa rangi ya chungwa mkubwa kuliko akili yake. Alirukaruka hadi tunduni bila kumjali mtu, akashika gome kwa vidole vyake viwili mbele na viwili nyuma. Akachomeka mdomo wote ndani, hadi machoni, akapekua kama mtu anayetafuta kijiko ndani ya sufuria. Aliutoa ukiwa na unyoya wa buluu, akautupa juu, akaudaka.

"Mshenzi wewe! Hata ganda hukuliacha!" Jucélia alipiga kelele.

Alipofika chini machozi yalikuwa yanamtoka. "Na huyu huyu ndiye anayeipanda miti hii! Anameza tunda, anatema mbegu, manduvi unaota, arara wanataga humo, halafu anarudi kula watoto wao. Kikulacho ki nguoni mwako, mzee."

Anísio alikohoa. "Ndiyo dunia, binti yangu. Nenda ukapumzike, jua kali." Kwa mara ya kwanza maishani mwake alimpenda ndege yule.

Lakini Jucélia hakuondoka. "Miaka minne umelinda hapa, na mimi leo nimekutilia shaka. Nisamehe, mzee wangu."

Huko watu hawaombani radhi kwa mdomo mtupu. Alifungua mikono. Anísio alirudi nyuma hatua moja, ya pili, mpaka mgongo wake ukagusa mlango wa gari.

"Nina homa mimi, nitakuambukiza."

"Acha hizo!"

Akamkumbatia taratibu, kama anavyokumbatiwa mfiwa, shavu lake juu ya koti. Alilia. Anísio alizuia pumzi, mikono ikining'inia.

Ghafla Jucélia akaacha kulia, lakini hakumwachia. Alikuwa akisikiliza. Chini ya shavu lake, ndani ya koti, kitu kililia tena: pii.